Kuimba kwa Midomo

Kwaya ya Shule ya Msingi Lihanjo ilikuwa ya Mwalimu Vestina Mlowe, na hilo lilijulikana Njombe mjini kote, kuanzia sokoni mpaka usharikani. Watu hawakusema kwaya ya Lihanjo. Walisema kwaya ya Vestina, naye akiwasikia hujifanya hakusikia, kisha hutembea polepole ili na wengine wapate nafasi ya kulisema.

Alikuwa na njia yake. Noti ziliandikwa ubaoni kwa chaki ya rangi, do, re, mi, kila sauti na mstari wake, na kijiti chake cha kuongozea, cha mti wa mwati, kilining'inia kwenye msumari pembeni. Watoto walisimama mguu sawa, mikono nyuma, macho kwenye kijiti. Hakuna kutikisa bega, hakuna kuongeza kionjo. Noti moja ikikosewa wimbo unaanza upya, hata kama kengele ya uji imeshagongwa. Na mtoto aliyeshindwa kushika sauti hakufukuzwa, maana Vestina si mkatili. Aliambiwa aimbe kwa midomo. Yaani asimame mstarini na wenzake, afungue mdomo na kuufumba kama wao, ila sauti asitoe. Mgeni akiangalia anaona kwaya kubwa, akisikiliza anasikia kwaya safi, na kila mtu anapata chake.

Miongoni mwa walioimba kwa midomo alikuwamo binti yake mwenyewe, Lightness. Vestina alimwambia jikoni, wakimenya viazi, mtoto akiwa darasa la tatu. Hakumwambia kwa ubaya. Alimwambia tu kwamba sauti yake ni nzito, inawaburuta wenzake chini, na tena watu watasema mwalimu anampendelea mwanawe. Mtoto akauliza kama ni kwa siku hiyo tu. Vestina akajibu kwamba wataona. Sasa Lightness alikuwa darasa la tano, na bado walikuwa hawajaona.

Ndipo akaletwa Odilo. Kijana wa Makambako, shati limechomekewa upande mmoja, amesomea muziki chuoni. Aliingia ofisini akamwamkia Vestina, "Shikamoo, dada," na Vestina, ambaye hakuona kama miaka yake arobaini na kitu ni ya kuamkiwa na mtu mwenye ndevu, akaitikia marahaba kwa meno. Mwalimu Mkuu Hosea akaeleza kwamba kijana atachukua vipindi vya sanaa vya darasa la nne na la tano, na Mwalimu Vestina atabaki na kwaya yake, apumue kidogo. Nani alimwambia kwamba anataka kupumua?

Odilo hakuandika noti hata moja ubaoni. Aliwauliza watoto, asubuhi kabla hujafumbua macho, nyumbani kwenu kunasikika nini? Wiki nzima darasa la tano likawa linataja milio: jogoo, sufuria, lori la majani ya chai, bibi anayekohoa, mvua juu ya bati. Kisha akawaambia walete kitu chochote kinacholia. Wakaleta madumu, vifuniko, kreti za parachichi, na wengine, Mungu atusamehe, wakaleta mbeta.

Asiyeijua mbeta, ni kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi unapogemwa, na ulanzi ni pombe, hata ukiunywa asubuhi ungali mtamu. Harufu ilitembea barazani mpaka darasa la kwanza. Vestina alishika pua akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu. Alimweleza kwa upole mwingi kwamba yeye hana neno na kijana, ila wazazi watasema nini wakisikia vyombo vya pombe vinapulizwa na watoto wadogo. Mwalimu Mkuu Hosea, ambaye ni mzee wa kanisa, alikunja uso, na Vestina akatoka pale akijisikia mwepesi. Kesho yake aliwakuta watoto bombani wanazisugua mbeta kwa maji ya moto, wanacheka, na Mwalimu Mkuu mwenyewe amesimama katikati yao, anapuliza moja kujaribu kama itamtolea sauti.

Basi akabaki kuchungulia. Dirisha la ofisi ya walimu lilitazamana na darasa la tano, na meza yake aliisogeza kidogo, akisema pale pana mwanga. Aliona watoto wakikata mbeta kwa msumeno na kugombana. Fupi inalia juu, ndefu inalia chini, hilo waligundua wenyewe, huku Odilo amekaa juu ya dawati anatafuna karanga kama mtu aliyekuja kutembea. Wakimuuliza ipi ni sahihi, anawarudishia swali, nyie mnataka isikike vipi? Vestina alitamani aone vurugu. Alichokiona ni watoto ambao kengele ya uji ilipogongwa hawakutoka. Wake yeye kengele ikigongwa walitawanyika kama kuku waliomwagiwa maji.

Halafu Odilo akawauliza ukungu unalia vipi. Swali gani hilo la kumuuliza mtoto wa Njombe, aliyezaliwa ndani ya ukungu na atakayezeekea humo? Lakini walibishana siku mbili tatu, mpaka msichana mmoja, Telesia, akasema ukungu haulii, unameza. Hapo wakaanza kuutengeneza wimbo. Sauti za asubuhi zote zinaanza pamoja: muuza maziwa, jogoo, utingo wa lori la chai, mama anayewaamsha wanawe. Kisha mbeta ndefu zinaingia kidogo kidogo, nazo ndizo ukungu, na kila zikizidi, sauti moja inazama. Mwishoni inabaki moja tu, ya mtoto aliye njiani anayemwita mama yake asijue yuko upande gani.

Vestina aliisikia sauti hiyo akiwa anasahihisha madaftari. Ilikuwa nzito kuliko alivyozoea kwa mtoto, ina mkwaruzo kidogo, na ilipanda taratibu bila kuyumba hata mara moja. Kalamu ikasimama mkononi. Alijiuliza mtoto huyu katoka wapi na mbona hayumo kwenye kwaya yake, na hapohapo akaanza kutafuta namna ya kumhamisha. Akatoka nje, akamsimamisha msichana aliyekuwa anakwenda chooni, akamuuliza ni nani anayeimba.

"Ni Lightness, Madam," msichana akajibu, akamshangaa.

Wivu wa kazini Vestina aliujua. Alikuwa ameshauonja kwa shule nyingine na kwaya nyingine, na ulikuwa unamfaa, ulimwamsha mapema. Huu ulikuwa mwingine. Yeye ndiye aliyembeba mtoto yule mgongoni, yeye ndiye aliyemuuguza surua, na sauti yake alikuwa anaisikia kweli kwa mara ya kwanza kupitia dirishani, ikiimbwa kwa ajili ya mwanamume anayetafuna karanga. Jioni, wakiwa jikoni, alimwomba amwimbie kidogo ule wimbo wa ukungu. Lightness akasema koo linamuuma. Akaomba chumvi, akaendelea kukoroga mboga.

Muhula ulipokaribia kuisha ikaja habari ya mashindano ya shule za msingi, yatakayofanyika Makambako. Mwaka huu kila shule ingepeleka onyesho moja tu, tena liwe limebuniwa na watoto wenyewe. Vestina hakukata tamaa. Aliikusanya kwaya yake, akafuta noti zote ubaoni, akawaambia leo hakuna kufundishwa, leo mnabuni. Haya. Watoto wakasimama mguu sawa, mikono nyuma, wakamtazama. Akasubiri. Nao wakasubiri. Mwishoni Anderson, kiongozi wa sauti ya kwanza, mtoto ambaye hajawahi kukosea noti tangu azijue, akanyoosha mkono.

"Madam," akasema, "tubuni upi?"

Vestina alikitazama kijiti chake muda mrefu, kisha akawaruhusu wakacheze.

Mwalimu Mkuu alimwita ofisini akamweleza kwamba utakwenda wimbo wa ukungu, na yeye aende kama msimamizi wa safari, kwa sababu ya uzoefu wake. Alisema uzoefu kwa heshima kabisa. Vestina akashukuru. Miaka yote alipanda jukwaani Makambako na kijiti mkononi, watu wakinong'onezana ndiye huyo; sasa angekaa viti vya nyuma na funguo za stoo, ameshikilia masweta ya watoto wa Odilo. Na mmoja wa hao watoto wa Odilo alimzaa yeye. Alipofika nyumbani alikitia kijiti ndani ya mkoba wa safari, chini ya kanga, bila kujieleza kwa nini.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, mlingoti wa bendera hauonekani. Basi dogo la kukodi lilikuwa linanguruma getini. Odilo, aliyekuwa anawapanga watoto, alimwomba Vestina amsaidie kulitoa gunia la mbeta stoo. Vestina akafungua kufuli. Gunia lilikuwa palepale mlangoni, watoto wameliandika kwa mkaa, UKUNGU. Alilinyanyua, akashangaa kwamba ni jepesi vile. Akalipeleka nyuma kabisa, nyuma ya magunia ya mahindi ya uji, akalifunika kwa turubai. Alijiambia kwamba hakuna atakayekufa. Alijiambia kwamba watu wakiona watoto wamesimama hawana cha kupuliza, watakumbuka kazi ya kwaya inafanywaje. Alipogeuka aliona kama kivuli cha mtoto mlangoni, ndani ya ukungu. Akauliza ni nani. Hakuna aliyeitikia, na alipotoka hakukuwa na mtu.

Odilo alimuuliza kama kila kitu kimo.

"Kimo," Vestina akasema, akapanda gari.

Makambako kulikuwa na upepo, kama kawaida ya Makambako. Ulikuwa unagonga mabati ya ukumbi, na huko barabara kuu malori yalikuwa yanapigiana honi. Shule zilizotangulia zilikuwa zimeshaanza kuimba ndani Odilo alipofungua sehemu ya mizigo nyuma ya gari. Alipekua, akapekua tena. Alipomjia Vestina midomo ilikuwa imemkauka.

"Dada, gunia halimo."

Vestina aliweka mkono kifuani. Akasema haiwezekani, mbona aliona linapakiwa, labda mtu alilishusha kupisha masufuria ya chakula. Odilo hakumbishia. Hata hakumtilia shaka, na jambo hilo lilimkera Vestina zaidi. Kijana alikaa kwenye ngazi ya ukumbi, mikono kichwani. Ile furaha ambayo Vestina aliingoja tangu muhula uanze ikaja, lakini ilikuja nusu, na hakujua nusu nyingine imekwama wapi. Hata hivyo alikuwa tayari. Alifungua mkoba, akatoa kijiti, akasema kwa sauti ya mama mwenye huruma kwamba wasihangaike, bado kuna muda, yeye atawasimamisha waimbe wimbo mmoja wa kwaya ambao anajua wengi wao wanaufahamu, angalau shule isiaibike.

Odilo alikitazama kile kijiti. Alielekea kukubali, mtu angeona. Kisha akasema wimbo ni wa watoto, ngoja awaulize wenyewe.

Akawakusanya nyuma ya gari, mahali palipokingwa na upepo, akawaambia kweli yote. "Ukungu umebaki Njombe," akasema. "Tufanyeje?"

Vestina alitegemea watalia. Badala yake kelele zikaanza. Mmoja akasema wapulize chupa za soda, wakatazama huku na huku, chupa zote za dukani ni za plastiki. Mwingine akasema wavume kwa pua, wakajaribu, wakaanza kucheka wenyewe. Telesia akasema wazibe midomo kwa mikono. Lightness alikuwa anamtazama mama yake, na hakuwa anamtazama usoni, alikuwa anakitazama kijiti.

"Tuimbe kwa midomo," akasema.

Wenzake hawakuelewa. Akawaeleza kwamba ukungu ukija wasinyamaze. Waendelee kuita vilevile, jogoo afungue mdomo, muuza maziwa afungue mdomo, ila sauti isitoke. Watu watawaona wanaita na hawatawasikia. Hivyo ndivyo ukungu unavyomeza.

Telesia akajaribu, akashindwa, sauti ikamponyoka. Akauliza kama si vigumu.

"Mwanzoni," Lightness akasema. "Baadaye unazoea."

Vestina alikirudisha kijiti mkobani. Zipu aliivuta mara mbili ndipo ikafunga.

Alikaa viti vya nyuma na masweta mapajani. Lihanjo walipoitwa walipanda bila chombo chochote, hawakusimama hata mstari, kila mmoja alisimama pake kama watu wa njiani. Wakaanza. Ukumbi ukawa asubuhi ya Njombe: jogoo huyu hapa, maziwa haya hapa, utingo anapiga mluzi juu ya lori, mama anaamsha, mvua inagonga bati, na watu waliokuwa wanatafuta viti wakasahau kukaa. Kisha jogoo akazama. Mtoto yule alikuwa bado ametanua mdomo, mishipa ya shingo imemsimama, na hakuna kilichosikika. Akafuata wa maziwa. Akafuata utingo. Mmoja mmoja waliendelea kuita kwa nguvu zao zote, na kila mmoja alipozama, ukumbi uliinama mbele kidogo kumtafuta. Nje upepo ulikuwa unapita kwenye mabati, ukawa kama nao umo.

Vestina aliijua ile midomo. Kwa miaka yote aliitazama kutoka mahali pa mwalimu, kijiti mkononi, akaona kwaya kubwa. Sasa aliiona kutoka viti vya nyuma, akaona watoto wanaoita na hawasikiki. Alitamani kuangalia pengine, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anaangalia pengine.

Ikabaki sauti moja. "Nipo hapa, mama," Lightness akaimba, "nipo hapa, mbona unapita." Ilikuwa sauti ileile ya dirishani, nzito, yenye mkwaruzo, na bila mbeta za kuifunika ilijaza ukumbi mpaka kwenye kenchi za paa. Vestina alimwonea wivu Odilo aliyesimama chini ya jukwaa na kuipokea. Akawaonea wivu watu wa Makambako wasiomjua mtoto yule hata jina. Wote walipewa kitu ambacho yeye alikuwa nacho jikoni kwake, akakiambia kinyamaze.

Makofi yalipotulia, jaji mmoja, Mama Feliciana, mwanamke mnene mwenye kitenge cha kijani, alisimama na kipaza sauti. Alisema tangu aanze kazi hiyo hajaona watoto wakiutumia ukimya namna ile, na angependa kujua nani aliwafundisha. Odilo akamnyooshea kidole Lightness, kwamba ndiye mwenye wazo. Mtoto akakipokea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Alinifundisha mama yangu," akasema. "Yule pale nyuma. Nilipokuwa darasa la tatu."

Ukumbi wote ukageuka. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama, mwalimu wa shule jirani akampiga Vestina begani akisema kumbe, mtoto wa nyoka. Odilo naye aligeuka, mkono kifuani, macho yanang'aa, akainamisha kichwa kumshukuru dada yake mbele ya watu wote. Hizo ndizo shangwe ambazo Vestina alikuwa amezililia muhula mzima. Alisimama kwa sababu isingewezekana kubaki amekaa, akapunga mkono, na masweta ya watoto yakamwangukia miguuni.

Walishika nafasi ya pili. Jioni gari lilipoanza kurudi Njombe watoto waliimba bila kupumzika, wakitunga njiani kila kilichopita dirishani, kreti za viazi, mbwa, ng'ombe, mzee wa baiskeli. Vestina alikwenda kukaa karibu na binti yake. Alikuwa na maneno mengi ambayo alikuwa ameyapanga tangu ukumbini, na yalipofika mdomoni yalibaki machache tu.

"Uliimba vizuri, mwanangu. Imba na wenzako, nisikie."

Lightness alimtazama. Hakuwa na hasira, na Vestina angeshukuru kama angekuwa nayo.

"Gunia liko nyuma ya mahindi," akasema taratibu. "Nilitumwa nije kukusaidia kulibeba. Sijamwambia mwalimu."

Kisha akageukia dirishani. Wenzake walikuwa wameanza ubeti mpya, naye akafungua mdomo pamoja nao. Vestina akainama, akasogeza sikio mpaka likakaribia kugusa shavu la mtoto. Midomo ilikuwa inakwenda sawasawa na ya wengine, neno kwa neno, na haikuwa inatoa sauti yoyote.